Usilikate Jina: Hotuba kwa Wahitimu wa Mafunzo ya Ushonaji, Magomeni

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu mliokaa hapa mbele mkiwa mmevaa mashati na magauni mliyoyakata na kuyashona kwa mikono yenu, nawashukuru kwa heshima mliyonipa. Mmeniomba nizungumze juu ya mavazi na utambulisho wa mtu, na nimelikubali ombi hilo kwa furaha, kwa kuwa nimeshona hapa Dar es Salaam kwa miaka 36, na marehemu baba yangu kabla yangu alishona kwa cherehani ya miguu kwenye baraza la duka moja Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Yako mambo niliyoyasoma kuhusu suala hili, nami nitayataja, lakini kwanza lilinijia kama linavyomjia kila fundi: limekunjwa kwapani mwa mteja ambaye hajui aanzie wapi kulieleza.

Nitaanza na kanga, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha. Sote tunajua kwamba kanga ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji ulio katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa sehemu ya chini ya mji. Huuzwa kwa doti, vipande viwili pamoja, na mama anayeijua kanga huliuliza jina lake kabla ya kuuliza bei. Doti inapoletwa ili ishonwe gauni, fundi mchanga hutazama kwanza upana wa kitambaa na kujiuliza atapata wapi mikono na kola. Baba yangu alitafuta kwanza jina. Aliitandaza kanga mezani, akalisoma jina kwa sauti ya chini, kisha akamuuliza mwenye kanga, "Mama, unataka likae wapi?" Walikuwapo waliotaka likae mgongoni, lisomwe wakiwa wamekwisha kupita, walikuwapo waliotaka lizunguke chini kwenye upindo, na walikuwapo waliotaka lifichwe kabisa ndani ya mshono, ama kwa kuwa walinunua rangi na maneno hayakuwahusu, ama kwa kuwa maneno yaliwahusu mno. Yote hayo aliyakubali. Jambo moja tu hakulikubali kwa mteja yeyote wala kwa haraka yoyote, nalo ni mkasi kupita katikati ya maneno.

Nilipokuwa na umri wa miaka 12 nilikata kanga ya mteja iliyoandikwa "Japo sipati tamaa sikati". Nilikuwa najaribu kubana kitambaa ili kitoshe, na nilipomaliza, kipande cha kifua kilisomeka "Japo sipati", na maneno yaliyobaki yakaangukia kwapani. Baba hakunipiga wala hakupaza sauti. Alitoa fedha zake, akanunua doti nyingine ya jina lilelile, kisha akaniambia, "Umemwandikia mtu maneno ambayo hakuyasema." Mwanamke yule alikuwa amenunua kanga ya kutokata tamaa, nami nilikuwa tayari kumvisha kifuani malalamiko ya kukosa. Kwa miaka mingi nilidhani baba alikuwa akinifundisha jambo la kanga peke yake. Leo ninaamini kwamba alinifundisha kazi yote ya fundi, maana kila mtu anayekuja kupimwa ana jina analotaka lisomwe mwilini mwake, hata akiwa ameleta kitambaa cheupe kisicho na herufi hata moja.

Watu wanapojadili mavazi na utambulisho, swali la kwanza huwa ni kitambaa kimetoka wapi. Ni swali la haki, ila katika pwani yetu halijawahi kuwa na jibu jepesi. Kanga ambayo tunaiita vazi letu ilichapishwa kwa miongo mingi India, Uholanzi, Uingereza na Japani kabla viwanda vyetu havijaanza kuichapisha, na jina la leso, ambalo ndugu zetu wa Mombasa bado wanalitumia, linatokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi. Kitenge cha nta kina asili katika ufundi wa batiki wa Java, ambao Waholanzi waliuiga kwa mashine katika karne ya 19 na kuja kuuuza Afrika. Merikani, kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, kilipewa jina hilo kwa sababu kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani tangu miaka ya 1830. Hata shuka jekundu la Kimasai, ambalo mgeni akiliona anajua yuko nchi gani, hufumwa kwa mashine. Kama asili ya uzi ndiyo ingekuwa kipimo cha sisi ni nani, ukumbi huu wote ungekuwa umevaa utambulisho wa watu wengine. Nasema hivi bila kusahau kwamba tulisokota na kufuma wenyewe pia: katika magofu ya Kilwa Kisiwani vimechimbuliwa vigurudumu vidogo vya udongo vya kusokotea uzi wa pamba, ushahidi kwamba mji ule ulikuwa na watu wa kazi yetu karne nyingi kabla ya cherehani.

Na kwa kuwa nimeitaja Kilwa, naomba mniruhusu nikae hapo kidogo. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Moroko, alifika Kilwa wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Anasimulia kwamba Sultani alipokuwa akitoka katika sala ya Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemeni alimsimamisha njiani na kumwomba nguo alizokuwa amezivaa. Sultani alikubali. Fakiri akasema anazitaka saa ileile, na Sultani akarudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwita fakiri aingie azichukue zile za kwanza. Fakiri akazifunga, akajitwika kichwani na kwenda zake. Watu walimsifu sana Sultani kwa unyenyekevu wake. Lakini mwana wa Sultani alizichukua nguo zile kutoka kwa fakiri na kumpa watumwa kumi badala yake. Na Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara hunishangaza kwa namna mbili. Kwanza, mwana yule hakukosa kitambaa. Nyumba ya mfalme wa Kilwa haikuwa na upungufu wa hariri wala pamba. Alichokirudisha ni kitu kilichokuwa kimekaa mwilini mwa baba yake na kuonwa na mji mzima Ijumaa ile, na hakuweza kuvumilia kumwona mtu mwingine akipita njiani amekivaa. Pili, watumwa wale kumi walikuwa na miili pia, na siku ile walihesabiwa kuwa thamani ya mavazi ya mtu mmoja. Ibn Battuta hakuandika wao walikuwa wamevaa nini.

Karne tano baadaye tunajua walichovaa watu wa hali yao, angalau katika miji ya pwani na Zanzibar. Mtumwa mwanamume hakupaswa kuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana. Mwanamke mtumwa alijifunga merikani au kaniki chini ya makwapa na kichwa chake kikabaki wazi. Mtu aliyekutana naye hakuhitaji kumuuliza chochote, kwa kuwa vazi lilikuwa limekwisha kumjibia. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na baadaye huku bara mwaka 1922, wanawake waliotoka utumwani walianza kununua kanga za rangi, kujitanda ushungi na kisha kuvaa buibui, mavazi ambayo kabla ya hapo yalikuwa ya wenye nasaba. Wapo wanaosema walikuwa wakiwaiga mabibi zao. Mimi sikubaliani nao. Mtu ambaye jana hakuruhusiwa kujifunika kichwa, leo akijifunika, anatangaza habari za uhuru wake kwa njia pekee ambayo mtaa mzima unaweza kuisoma. Kanga ikawa na maneno, mwanzoni kwa hati za Kiarabu na baadaye kwa hati za Kirumi, na watu ambao hawakuwa na sauti barazani wakapata mahali pa kuandika. Mafundi wa kanga wanaijua pia kanga ya kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo bibi harusi huvishwa, na ambayo kwa desturi haina jina. Nayo naiheshimu vilevile, kwa sababu mtu ana haki ya kuvaa bila kusema kitu.

Mji wetu wa Dar es Salaam ulianza kujengwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860, na tangu hapo umekuwa mji wa watu waliotoka kwingine. Wazaramo waliukuta ukija kwao. Wengine wote waliufuata, kila mmoja na nguo yake, na hapa wakatazamana na kuanza kuchagua. Vijana wa ngoma ya beni, wa vikundi pinzani vya Marini na Arinoti, walivaa sare za kiafisa na kujipa vyeo, wakiwa wamechukua vazi la wenye nguvu na kuliingiza katika mashindano yao wenyewe. Jumamosi za Simba na Yanga ni dada wa jambo hilohilo, na sina haja ya kuwaeleza wenyeji wa Dar es Salaam maana ya kupita mtaa fulani ukiwa umevaa nyekundu au kijani na njano.

Mwaka 1968 una sehemu yake katika hotuba hii. Ndio mwaka ambao kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa pale Ubungo kwa msaada wa China, na nchi ikaweza kuchapa kanga na vitenge vyake kwa wingi. Ndio pia mwaka ambao, mwezi Oktoba, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga marufuku vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Iliitwa Operesheni Vijana. Tarehe hiyo haikungojwa. Oktoba ileile makundi ya vijana yaliwavamia wanawake Kariakoo kwa sababu ya sketi zao. Mama yangu mdogo alikuwa karani mjini, mpiga taipu, na sketi aliyoipenda kuliko zote aliishonesha kwa mshahara wake wa kwanza. Alipoogopa kupanda basi, alimletea baba sketi ile ili airefushe. Baba aliufumua upindo, akaushusha mpaka kitambaa kilipoishia, akapiga pasi. Lakini ninyi mnajua kwamba upindo uliokaa muda mrefu huacha mstari, na rangi iliyokuwa imejificha ndani hung'aa kuliko iliyopigwa na jua. Mama mdogo alikwenda kazini kwa miezi mingi na mstari huo juu ya magoti yake. Aliniambia uzeeni kwamba watu waliona sketi ndefu ya heshima, na yeye kila alipoinama aliona mahali ambapo sketi yake ilikuwa inaishia.

Sitaki kuwaonea viongozi wa wakati ule. Taifa lilikuwa na umri wa miaka saba, limetoka kutawaliwa na watu waliolidharau, na ilikuwa haki kutafuta heshima hata katika mavazi. Lakini katika miaka hiyohiyo Wamasai waliagizwa waache lubega na udongo mwekundu, wavae suruali kama wananchi wa kisasa. Hebu tazameni maagizo hayo mawili pamoja: mwanamke wa mjini aliambiwa amekuwa wa kisasa kupita kiasi, na Mmasai wa nyikani aliambiwa hajawa wa kisasa vya kutosha, na waliotoa maagizo yote mawili walikuwa wamevaa suti. Watu waliliona hilo wakati uleule, wakaandika barua magazetini kuuliza utamaduni wa taifa ni upi na nani aliyeupima. Leo lubega ile iliyoagizwa iachwe imo kwenye kila picha tunayowauzia watalii, na vijana wa Kimasai huja mjini wakiwa wameivaa, wanalinda mageti yetu usiku na kuwasuka dada zetu mchana, na hakuna anayewaambia wamelitia aibu taifa.

Suala hilo halikuisha na Operesheni Vijana. Juni 2021 mbunge mmoja mwanamke alitolewa nje ya ukumbi wa Bunge Dodoma kwa sababu ya suruali yake kudaiwa kuwa ya kubana, na nchi nzima ikabishana kwa siku kadhaa juu ya kipande cha nguo. Ofisi za umma zina waraka wa mavazi, na mimi sina ugomvi na ofisi kuwa na utaratibu. Mahakama, hospitali na jeshi haviwezi kuendeshwa bila sare. Ninachokipinga kwa moyo wangu wote ni ile hatua ya pili, ambapo mtu huacha kusema "hapa hatuvai hivi" na kuanza kusema "wewe uliyevaa hivi si mwenzetu". Hatua ya kwanza ni kanuni ya mahali. Ya pili ni kulikata jina la mtu. Mwaka 2007 Flaviana Matata, binti wa Shinyanga, alituwakilisha katika shindano la Miss Universe kule Mexico akiwa amenyoa kipara, akaingia kumi bora. Mabinti wa shule zetu za serikali wamenyoa nywele miaka yote kwa kanuni ya shule na hakuna aliyeliita hilo urembo. Binti mmoja aliponyoa kwa uamuzi wake, kichwa kilekile kikasomeka upya.

Sasa nije kwenye mitumba, jambo linalotuumiza sisi mafundi kuliko mengine, na ambalo najua wengi wenu mlitarajia nilitaje kwa hasira. Wazee wetu waliziita nguo hizo kafa Ulaya, wakiamini kwamba mwenyewe amekufa huko, na mtu aliyevaa kafa Ulaya alijificha. Miaka ya mwanzo ya 1980 nguo zilikuwa adimu, foleni ya kanga katika duka la ushirika ilianza usiku, na serikali ilipolegeza masharti ya biashara ya nje mwaka 1984 mabelo yakaanza kuingia kwa wingi usiopimika. Viwanda vyetu vilikuwa tayari vimedhoofika, na vingi havikuweza kushindana na shati linalouzwa kwa bei ya nauli. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo hizo sokoni ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuziondoa nchi zetu katika mpango wake wa biashara wa AGOA, na Rwanda peke yake ndiyo iliyoshikilia msimamo, ikasimamishiwa nafuu ya mavazi mwaka 2018. Mimi ningependa kuona pamba ya Shinyanga na Mwanza ikifumwa hapahapa, na ningependa ninyi mpate kitambaa kizuri cha nyumbani kwa bei mnayoiweza. Nalisema hilo bila kusita.

Lakini nimesimama mara nyingi soko la Karume alfajiri, belo linapofunguliwa, na nimeona wanachofanya vijana wa mji huu. Msichana huchomoa koti la mwanamume wa Ulaya, zito, lenye mabega mapana, akalileta kwangu akitaka mabega yapunguzwe, mikono ikatwe, na mgongoni litiwe kipande cha kitenge alichoachiwa na bibi yake. Tunapomaliza, hakuna mtu Ulaya ambaye angelitambua koti lile, na hakuna mtu Temeke ambaye asingejua ni la nani. Kumwambia binti huyo kwamba hana utambulisho kwa sababu amevaa mtumba ni kutojua kusoma. Anachokosa ni kiwanda. Utambulisho anao, na ameulipia kwa fedha ya vocha aliyojinyima.

Kwa sababu hiyohiyo sijawahi kuwa na matumaini makubwa na kamati ambazo mara kwa mara zimeundwa kututafutia vazi la taifa. Walioshiriki walikuwa watu wenye nia njema, na michoro mingine ilipendeza. Ila vazi la taifa haliwezi kutangulia wavaaji wake. Nendeni kwenye harusi yoyote Jumamosi jioni, kuanzia Sinza hadi Tabata, mkawatazame akina mama waliochanga wakanunua kitenge kimoja cha sare, kila mmoja akakipeleka kwa fundi wake, wakaingia ukumbini arobaini wa kitambaa kimoja na mishono arobaini. Mmoja ameweka mikono ya puto, mwingine amejistiri mpaka vifundoni na mtandio wa kitambaa hichohicho, mwingine ameacha mgongo. Wamesema "sisi ni wamoja" na "mimi ni mimi" kwa pumzi moja. Nikiulizwa Watanzania huvaa nini, jibu langu huwa ni ukumbi ule.

Wahitimu, kesho mtaanza kupokea wateja, nami nataka kuwaambia wanachokuja nacho. Siku hizi huja na simu, wakawaonyesha picha ya mwanamke wa Lagos au wa mjini hapa, na kusema, "Fundi, nataka kama huu." Msiikimbilie tepu. Ulizeni kwanza: nguo hii utaivaa wapi, mbele ya nani, na ukiwa umeivaa unataka wakuoneje? Mara nyingi mtagundua kwamba hataki gauni lile. Anataka utulivu alionao yule wa pichani. Aliwahi kuja kwangu kijana aliyeitiwa usaili wa kazi, na koti la marehemu baba yake. Lilimpwaya. Ningeweza kulipunguza likamkaa sawasawa kwa saa tatu, na ndivyo alivyoniomba. Nilipomuuliza maswali yangu, alikaa kimya kwa muda, kisha akasema anaogopa kwamba likimkaa sawasawa halitakuwa tena la baba. Tukakubaliana nipunguze mikono na kiuno, na mabega niyaache kama yalivyo, pamoja na mfuko wa ndani ambao kalamu ya mzee ilikuwa imeutia wino. Alikwenda kwenye usaili akiwa na mabega ya baba yake. Bitana sikuibadilisha.

Na mnapopima, pimeni kwa adabu. Kifua, kiuno na nyonga za mtu ni siri yake; msivitaje vipimo kwa sauti mbele ya wateja wengine, kama nilivyowahi kufanyiwa nikiwa binti katika karakana moja, nikatoka pale nikiuchukia mwili wangu kwa miaka. Mama aliyejifungua juzi, kijana mwenye mguu mmoja mfupi, mzee ambaye bega lake limeshuka kwa sababu ya kiharusi, binti anayetaka sare ya michezo itakayomwezesha kukimbia na ushungi wake, wote hawa wamekwisha kuambiwa na nguo za dukani kwamba miili yao imekosewa. Nguo ya dukani imekatwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Ninyi mnakata kwa ajili ya aliyesimama mbele yenu, na hiyo ndiyo faida moja ambayo hakuna belo wala kiwanda kitakachowanyang'anya.

Mwaka jana, mwezi wa Ramadhani, bibi mmoja alikuja kutoka Mbagala na kanga iliyochakaa kiasi cha kuona mwanga ndani yake. Ilikuwa ya mama yake, na mama yake alikuwa ameivaa siku aliyofariki. Alitaka nimshonee koti jepesi la kuvaa asubuhi, la kitambaa kipya alichokinunua, na kanga ile niitumie kama bitana. Niliitandaza mezani. Herufi nyingi zilikuwa zimefutika. Kwa kufuata vivuli vyake nilipata "Wema", kisha nafasi tupu, kisha herufi mbili za mwisho, na sote wawili tulijua neno lililokuwa katikati. Nilimuuliza kama nilivyofundishwa, "Mama, unataka likae wapi?" Akafikiri sana. Akasema, "Liweke ndani, mgongoni, herufi zielekee mwilini." Nikachukua chaki, nikazichora pembeni herufi zote, zile zinazoonekana na zile zisizoonekana, kisha nikaanza kukata kwa kupita nje ya mstari.

Nawashukuru kwa kunisikiliza.